Mtakatifu Aliyeingia Mara Kumi na Nne

Nchi ya Langilangi ni nchi njema, na msomaji asije akayasikia haya akadhani kuna mtu anaisema vibaya. Ina mlima mmoja, mto mmoja, redio moja na wizara arobaini na tatu. Wananchi wake ni wapole. Wakiambiwa wapange foleni hupanga kwanza, kisha ndipo huulizana foleni yenyewe ni ya nini.

Mapadri wa kwanza kufika huko walitoka visiwa vya mbali vyenye baridi: mmoja Ayalandi, mmoja Uskoti, mmoja Welisi na mmoja Kornwoli. Walikuwa wa dini moja lakini hawakupatana hata juu ya chai, kwa hiyo kila mmoja alileta mtakatifu wa kwao pamoja na sikukuu yake. Wa Ayalandi alimleta Patrisi, tarehe kumi na saba Machi. Wa Uskoti alimleta Andrea, thelathini Novemba. Wa Welisi alimleta Daudi, mosi Machi. Wa Kornwoli, ambaye alikuwa mnyonge wa kusema, alimleta Pirani, tarehe tano Machi, akaomba radhi kwa usumbufu. Mapadri wakafa, wakazikwa nyuma ya misheni, sikukuu zikabaki. Nchi ilipopata uhuru serikali ilizitazama, ikaona ni siku nne za kupumzika, ikaona ni vyema. Patrisi, kwa kuwa padri wake ndiye aliyeishi miaka mingi kuliko wenzake, akafanywa mlezi wa taifa zima. Watoto waliozaliwa siku hizo walibatizwa majina hayo hayo, ndiyo maana mpaka leo ukisimama sokoni Langilangi ukaita "Patrisi", watageuka watu sita na mbuzi mmoja.

Bi. Eufrasia Kalembo alikuwa mwandishi wa kumbukumbu katika Wizara ya Sikukuu na Asili, mwaka wake wa ishirini na sita kazini. Alikuwa na mwandiko wa mviringo usiokosea, na sifa moja ambayo wakubwa waliipenda kupita zote: aliandika kila neno lililosemwa bila kulisikia. Miaka ya mwanzo alisikia. Aliwahi kurudi nyumbani akashindwa kula kwa ajili ya sentensi moja tu aliyoiandika mchana. Kisha, kidogo kidogo, masikio yakaachana na mkono, kila kimoja kikashika njia yake, naye akapata usingizi.

Mume wake, Patrisi Kalembo, alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Walikuwa na binti mmoja, Koleta, aliyekwisha kuolewa mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili wakiitana Baba Koleta na Mama Koleta na kusikiliza redio.

Balaa lilianzia kwenye redio hiyo.

Profesa Ludoviko Mtunguja alialikwa kujaza dakika kumi kati ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Hakuwa na nia mbaya. Alipenda tu mambo ya kale. Akasema kwamba Patrisi wa Ayalandi hakuwa mzaliwa wa Ayalandi. Mwenyewe aliandika kwamba kwao ni Britania, na kwamba alitekwa na maharamia akiwa na umri wa miaka kumi na sita, akavushwa bahari, akachungishwa mifugo ya watu. Akasema Andrea alikuwa mvuvi wa Galilaya ambaye hakuiona Uskoti kwa macho yake. Kilichofika huko, kama hadithi ni za kweli, ni mifupa michache ndani ya mfuko wa mtawa. Pirani naye husimuliwa kwamba alifungwa kwenye jiwe la kusagia na kutoswa baharini huko Ayalandi, na jiwe likaelea naye mpaka Kornwoli. "Daudi wa Welisi," akamalizia profesa, "ndiye peke yake anayesemekana kuzaliwa pale pale anapoadhimishwa. Na kumi na saba Machi, kwa wasiojua, ni siku ambayo Patrisi alikufa." Ndipo wakasoma matangazo ya vifo.

Mheshimiwa Barnabasi Lukwekwe, Waziri wa Sikukuu na Asili, aliyasikia hayo akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Hakuingoja nusu ya pili. Alifika wizarani vile vile, akaitisha mkutano, na kwa wiki nzima iliyofuata maofisa wote walikuja kazini wamenyoa upande mmoja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kutii agizo ambalo huenda limetolewa.

"Ndugu zangu," Waziri akasema, "tumechezewa na kalenda. Miaka sitini tumekuwa tukipiga ngoma kwa kifo cha mgeni. Tena si mgeni wetu. Ni mgeni wa wageni. Mtu ambaye hata wale waliotuletea hawakumzaa."

Bi. Eufrasia aliandika: *mgeni wa wageni*.

Sheria ya Asili Halisi ilipitishwa kabla ya chakula cha mchana. Ilisema kwamba mtu yeyote hataheshimiwa Langilangi kwa niaba ya mahali ambapo hakuzaliwa. Na kwa kuwa serikali ya Langilangi haimhukumu mtu bila kumsikiliza, iliamuliwa Mtakatifu Patrisi aandikiwe hati ya kuitwa, afike wizarani baada ya siku ishirini na moja, akiwa na cheti cha kuzaliwa. Bi. Eufrasia ndiye aliyeandika hati. Penye nafasi ya anwani aliandika "Mbinguni". Tarishi alirudi baada ya saa moja akaulizia wilaya. Mwishowe hati ikabandikwa kwenye mlango wa kanisa la misheni na kusomwa redioni mara tatu.

Siku ya shauri ilipofika, jopo liliketi ghorofa ya tatu: Waziri, Katibu Mkuu, na ofisa mmoja wa zimamoto, ambaye alikuwemo kwa sababu ukumbi ulikuwa wa zimamoto. Bi. Eufrasia aliketi pembeni na daftari lake. Tarishi alitoka ukumbini akaita, "Patrisi." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, na sauti ya taratibu kutoka kwenye ngazi ikajibu, "Naam."

Alikuwa Patrisi Kalembo. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa amemletea mkewe makande ndani ya hotipoti. Aliposikia jina lake linaitwa na mtu wa serikali aliitika, kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaingia.

"Wewe ndiye Patrisi?" akauliza Waziri.

"Ndiye, mheshimiwa."

"Umeitwa mara tatu."

"Naomba radhi. Ngazi ni nyingi na nina mzigo mkononi."

"Ulizaliwa wapi?"

Mtu wa nchi nyingine angeuliza kwanza kwa nini anaulizwa. Patrisi alikuwa mtu wa Langilangi. "Ng'ambo ya mto, mheshimiwa. Mwaka wa njaa mama alinivusha nikiwa na miezi minne, niko mgongoni."

Wajumbe wakatazamana.

"Kwa hiyo ulivushwa maji," Katibu Mkuu akasema polepole. "Na wewe mwenyewe uliridhia?"

"Sikuulizwa."

"Andika hilo," Waziri akamwambia Bi. Eufrasia. "Alivushwa maji bila ridhaa yake. Ni kama profesa alivyosema, neno kwa neno. Na kazi yako, Patrisi?"

"Nalisha watoto. Mia nne na kumi, shule ikifunguliwa."

"Mchungaji," akasema Katibu Mkuu.

Yule wa zimamoto, ambaye aliwahi kusoma misheni jinsi Patrisi alivyowafukuza nyoka wote wa Ayalandi, akainama mbele. "Umewahi kufukuza nyoka?"

"Mmoja. Alikuwa stoo, kwenye maharage."

Hakuna aliyekuwa na swali zaidi ya lile la cheti cha kuzaliwa, na Patrisi hakuwa nacho. Wanaovuka mto usiku wa njaa hubeba mtoto, hawabebi karatasi. Hukumu ikatamkwa. Patrisi, aliyefika mwenyewe na kukiri mwenyewe, si wa hapa. Anavuliwa ulezi wa taifa, sikukuu yake inafutwa, naye atarudishwa alikotoka.

Bi. Eufrasia aliandika yote. Aliandika *nyoka mmoja*. Aliandika *atarudishwa alikotoka*, akapiga mistari miwili chini yake, akasaini. Ni hapo tu masikio yalipourudia mkono. Akainua uso akaona hotipoti ya bluu, ya nyumbani kwake, mfuniko umepasuka ukingoni.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu ni mume wangu."

Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. "Pole sana, mama. Lakini hilo lilifaa kusemwa kabla kumbukumbu hazijasainiwa. Sasa limo kwenye maandishi, na maandishi yako, kila mtu anajua, hayana makosa."

Patrisi aliiweka hotipoti juu ya meza yake. "Kula kabla hayajapoa, Mama Koleta," akasema, na askari wawili wakamteremsha ngazi.

Akala. Baadaye hakuweza kujieleza kwa nini alikula. Alikula mpaka chini, akafunika, akaendelea na barua za alasiri.

Daraja linalounganisha Langilangi na nchi ya ng'ambo ni la chuma, refu, lina kizuizi kila upande. Askari wa Langilangi walimpitisha Patrisi kizuizi cha kwanza. Alipofika cha pili, askari wa ng'ambo walimwambia aseme "kumi na moja". Akasema. Wakacheka, maana aliitamka kama mtu wa Langilangi, wakamwambia arudi kwao. Aligeuka, akakuta kizuizi cha kwanza kimeshushwa. Hukumu ilisema arudishwe alikotoka. Haikusema awekwe wapi akikataliwa huko. Akarudi mpaka katikati ya daraja, akaketi.

Wizara iliona shauri limekwenda vizuri mno kuachwa liishie kwa mtu mmoja. Ilitangazwa kwamba kila mwenye jina la Patrisi athibitishe kwamba mama yake, saa ya kujifungua, alikuwa amesimama, ameketi au amelala ndani ya Langilangi, mbele ya mashahidi wawili ambao bado wako hai. Wengi walithibitisha, kwa maana shahidi si mtu adimu. Wasiokuwa na ndugu wa kuwasemea walipelekwa darajani. Kisha wakafuata akina Andrea.

Kwa Pirani serikali ilitaka haki itendeke kwa njia ya sayansi. Jiwe la kusagia lilipelekwa kwenye bwawa la maji ya mji, bendi ikapiga, Waziri akakata utepe, na jiwe likatupwa. Bi. Eufrasia aliandika kwamba jiwe "limechelewa chini ya maji". Walilingoja mpaka alasiri. Akina Pirani walikuwa wawili tu nchi nzima, nao walikwenda darajani bila kusumbua, wamebeba viti vyao.

Akabaki Daudi. Daudi alikuwa na asili safi, Daudi alikuwa wa kwao, na Daudi akafanywa mlezi mpya wa taifa. Wizara ikasoma habari zake ili ijue namna ya kumwadhimisha, ikakuta kwamba mtakatifu huyu alikunywa maji matupu na kula mikate na majani. Ikaamriwa kwamba siku yake itaadhimishwa vivyo hivyo.

Muda wote huo Bi. Eufrasia alikwenda kazini. Asubuhi alijipaka mafuta, akavaa viatu, akapanda ngazi. Watu walimpa pole na yeye akawaambia asante. Usiku aliweka sahani mbili mezani, akaondoa moja, wala haikumuuma. Ilikuwa kama kung'olewa jino lililokufa ganzi, unasikia tu kwamba kuna mtu anavuta. Jumapili alikwenda mpakani. Jamaa za wafukuzwa hawakuruhusiwa kupita kizuizi, ila Koplo Sijaona, aliyekuwa akilinda hapo, alipokea mfuko wa unga na kuusukuma kwa mguu mpaka upande wa pili, kwa kuwa agizo lilimkataza kupeleka chakula kwa mkono. Kwa mbali Eufrasia alimwona mumewe akikoroga sufuria. Alikuwa anawapikia wote. Alipunga mwiko. Eufrasia alipunga mkono, akarudi nyumbani, akafua.

Miezi minane ikapita. Mosi Machi taifa liliadhimisha siku ya Daudi. Maofisa walisimama uwanjani kwenye jua wakinywa maji na kutafuna vitunguu vya majani, na Waziri alipotoa hotuba ya saa mbili juu ya utamu wa asili halisi, tumbo lake lilisikika kwenye vipaza sauti. Jioni hiyo hiyo redio ya nchi ya ng'ambo ilitoa tangazo. Kwamba serikali ya Langilangi, kwa kumbukumbu iliyosainiwa na kupigwa muhuri, imethibitisha kuwa Patrisi ni mzaliwa wa ng'ambo. Kwamba watu wa ng'ambo wanawashukuru majirani kwa uaminifu huo. Na kwamba tarehe kumi na saba mwezi huu ng'ambo wote watakula nyama, watakunywa, na watapumzika siku tatu.

Asubuhi Waziri alimwita Bi. Eufrasia ofisini peke yake.

"Wametuibia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Mtakatifu wetu, mama. Tuliyemlea wenyewe."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Patrisi ni mzaliwa wa Langilangi. Andika."

Akaandika.

"Alizaliwa wapi hasa, mheshimiwa?"

Waziri akafikiri. "Jimboni kwangu. Panapojengwa shule." Kisha akainama, akashusha sauti. "Tunahitaji cheti chake. Cheti halisi, chenye muhuri wa moto. Na kiandikwe kwamba mwenye cheti hiki afunguliwe mpaka na apigiwe saluti popote atakapoingia, ili wale wa ng'ambo wajue. Kinaweza kuwa tayari lini?"

"Leo, mheshimiwa. Ila mwenyewe hayupo hapa nchini."

"Yuko wapi?"

"Kwa mujibu wa kumbukumbu, alirudishwa alikotoka. Kupitia darajani."

Waziri akatikisa kichwa kwa uzito, kama mtu anayepokea jambo la kiimani. "Basi cheti kimfuate huko. Kipeleke wewe. Nitakupa kibali cha kuvuka."

Bi. Eufrasia alirudi mezani kwake akaandika. Jina: Patrisi. Jina la pili: hakuna, kama ilivyo desturi ya watakatifu. Penye nafasi ya picha alipiga muhuri wa "haikupatikana". Aliangalia kazi yake. Ilikuwa nzuri. Hakusikia furaha, ila aligundua kwamba alikuwa ameisoma kwa sauti, na kwamba alikuwa amesikia kila neno.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, alifika mpakani.

"Shikamoo, mama," akasema Koplo Sijaona.

"Marahaba, mwanangu." Akamwonyesha kibali. Koplo akakisoma, kisha akasoma cheti, akasimama wima.

"Anaingia leo?"

"Anaingia leo. Agizo unalo?"

"Limefika kwa simu. Nifungue, nipige saluti, niandike kwenye daftari la waingiaji."

Akavuka. Kwa miezi minane alikuwa ameliona daraja hilo kwa mbali, na sasa alishangaa kuona limefagiliwa. Palikuwa na kamba ya nguo, na viti viwili vya akina Pirani ambavyo watu waliketia kwa zamu. Wote walikuwa ishirini na saba: Patrisi kumi na wanne, Andrea kumi na mmoja, na Pirani wawili. Mumewe aliinuka jikoni, akafuta mikono.

"Mama Koleta. Umekonda."

"Wewe pia, Baba Koleta." Akamkabidhi cheti. "Twende nyumbani. Nimekiandika mimi."

Patrisi akakisoma polepole, midomo ikicheza. "Hata ile hukumu uliiandika wewe," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeutambua mwandiko. Eufrasia alisimama pale, na kwa muda hakuwa na pa kuweka mikono yake.

"Niliiandika mimi," akasema. "Sikukuona. Uliingia, ukasema, nikaandika, na sikukuona mpaka nilipokwisha kusaini. Kisha nikala yale makande."

"Yalikuwa na chumvi ya kutosha?"

"Sikumbuki."

Nyuma ya Patrisi wale wenzake walikuwa wamesogea, si karibu sana, kama watu wanaosubiri kuambiwa foleni ianzie wapi. Akageuka akawatazama, kisha akakitazama tena cheti.

"Hapa pameandikwa Patrisi tu," akasema. "Hakuna la pili. Wala picha hakuna."

"Hakuna."

"Mzee Patrisi Ngulumbi magoti yamevimba. Hawezi kulala kwenye chuma mwezi mwingine. Anza na yeye."

"Cheti ni kimoja, Baba Koleta. Kikichukuliwa kule—"

"Wewe una kibali cha kwenda na kurudi. Au hicho pia ni cha mara moja?"

Eufrasia akakitoa kibali akakisoma. Hakikuwa kimesema mara ngapi. Katika Wizara ya Sikukuu na Asili hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu atataka kwenda mahali zaidi ya mara moja.

Akamshika Mzee Ngulumbi mkono. Walitembea hatua kwa hatua mpaka kwenye kizuizi. Koplo Sijaona alikiinua, akapiga saluti, akaandika kwenye daftari: *Saa mbili na nusu. Mtakatifu Patrisi ameingia.* Mzee akaketi kivulini upande wa Langilangi. Eufrasia akachukua cheti mkononi mwa mzee, akakitia kwenye mkoba, akarudi.

Alipokuja na wa pili, Koplo alikitazama cheti kwa muda.

"Mama, huyu ameshaingia."

"Ameingia."

"Na sasa anaingia tena."

"Wewe unaijua mipaka ya mtakatifu, mwanangu?"

Koplo Sijaona akafikiri. Alikuwa amesimama pale miezi minane, akisukuma mifuko ya unga kwa mguu. "Agizo limesema nimfungulie mwenye cheti," akasema. "Halikusema mara ngapi." Akainua kizuizi, akapiga saluti, akaandika.

Wa tatu alikuwa fundi viatu. Wa nne alikuwa na kikohozi. Wa tano alilia na kuomba msamaha kwa kulia. Jua lilipanda, chuma kikapata moto, na viatu vya Eufrasia vikaanza kumbana. Akavivua akaviacha kwenye kizuizi. Kufikia wa tisa Koplo alikuwa anakiinua kizuizi kabla hajaombwa, na saluti yake, iliyoanza kwa hofu, ilikuwa imegeuka saluti ya kweli. Kwa wa kumi na tatu alisahau kutazama cheti kabisa.

Mwisho alibaki Patrisi Kalembo. Alikuwa amewaandalia Andrea na Pirani chakula cha jioni na kumwonyesha Andrea mmoja, mrefu mwenye makengeza, kiasi cha chumvi. Akamkabidhi mwiko. Hawakuagana kwa maneno mengi. Yule mrefu aliuliza tu, "Kuna cheti cha Andrea?" Eufrasia akasema, "Leo hakuna."

Walivuka bega kwa bega. *Saa tisa na dakika kumi,* akaandika Koplo Sijaona. *Mtakatifu Patrisi ameingia.* Akafunga daftari. Ndani yake Mtakatifu alikuwa ameingia Langilangi mara kumi na nne kwa siku moja, na hakuwa ametoka hata mara moja.

Jambo hilo liliposomwa wizarani halikumshtua mtu. Waziri alilitangaza redioni yeye mwenyewe, kwamba Patrisi ameipenda nchi yake kiasi cha kuiingia mara kumi na nne, wakati ng'ambo hakuingia hata mara moja, wala hawana daftari la kuonyesha. Tarehe kumi na saba ikaadhimishwa kwa nyama. Profesa Ludoviko alialikwa tena redioni, akasoma matangazo ya vifo.

Nyumbani, siku ile ya daraja, Patrisi alifika mlangoni akasimama. Eufrasia alikuwa amekwisha kuingia, ameweka mkoba, amewasha jiko. Alipogeuka alimwona bado yuko nje, miguu pamoja, mikono ubavuni, anatazama kizingiti. Akaelewa kwamba anangoja kuulizwa.

Hakumwambia aingie. Alitoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akampisha nafasi. Patrisi naye akaketi. Walikaa hivyo muda mrefu, wakiangalia jirani anavyoanua nguo. Miguu ya Eufrasia ilikuwa imechubuka, na ilimuuma. Ilimuuma sana, mpaka akatoa sauti, na Patrisi akainama kuitazama. Kisha akaenda ndani kumtafutia maji ya uvuguvugu, bila kukumbuka kwamba alikuwa amevuka mlango.

Jumatatu Bi. Eufrasia alipanda ngazi za wizara kwa kandambili, akabisha kwa Waziri.

"Mheshimiwa, kuna habari zimenifikia. Ng'ambo wanajiandaa kwa tarehe thelathini Novemba."

Waziri aliacha chai yake. "Andrea?"

"Ndivyo nilivyosikia, mheshimiwa."

"Hawana haya kabisa. Huyu naye ni wetu. Mvuvi, tena mtu wa kazi." Akatembea mpaka dirishani na kurudi. "Andika cheti. Kama kile kile, kisibadilike neno. Na saluti iwemo." Kisha akasita, kidole hewani, kama mtu aliyegutuka. "Lakini hebu niambie, mama, wewe ndiye unayezishika kumbukumbu. Huyu Andrea, kule darajani, wako wangapi?"

Bi. Eufrasia alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na sita.

"Mmoja, mheshimiwa," akasema. "Ni mmoja tu."